Nafasi Tulizoruka

Nilitoka kwenda kununua balbu, hilo tu. Ile ya karakana yetu ilikuwa imeungua mchana. Dada yangu alinituma mara ya kwanza nikasema nakwenda, akanituma mara ya pili nikasema si nimeshakwambia nakwenda, na jua likaanza kuzama nikiwa bado nimekaa. Ndivyo nilivyo. Mwenye duka alinifungia balbu kwenye gazeti, akaniuliza dada anachora nini siku hizi. "Mwambie asitutie sisi wenye maduka," akasema. Nikamwambia apunguze bei kwanza. Tukacheka, nikarudi zangu.

Nieleze kwa nini alisema hivyo. Dada yangu ni mchoraji wa vitambaa. Ukisimama mbali utaapa anachora maua, na hiyo ndiyo hila yake. Anachora picha moja, anairudia juu na chini, kushoto na kulia, mpaka jicho linachoka na kuona pambo tu. Sasa sogea. Lile ua ni foleni ya wagonjwa iliyojikunja kumzunguka daktari mmoja. Ule mzabibu ni bomba lisilotoa maji, na majani yake ni ndoo. Kuna mkubwa mmoja alinunua kitambaa chake kwa mapazia ya ofisi, maboga mazuri ya kijani yamepangana. Yakakaa miezi. Siku aliponong'onezwa kwamba kila boga ni tumbo lake, na kile kikonyo ni kifungo cha koti lake kinachotaka kukatika, mapazia yalishushwa kabla ya chai ya saa nne. Dada alicheka wiki nzima. Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Alikuwa anaongea hata akipiga mswaki. Mimi mama yake mdogo nilikuwa namwambia, wewe, tema kwanza ndipo useme. Alipomaliza shule akapata kazi ya kushona kwenye kiwanda cha nguo, apate ya kwake mfukoni. Kiwanda kikaungua na wasichana wakiwa ndani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, mnyororo na kufuli, eti wasitoroke kabla ya muda. Mnyororo huo tuliuona kwa macho yetu, umekuwa mweusi, umening'inia. Baadaye ikaundwa tume. Ikakaa, ikanywa maji ya chupa, ikasema mlango ulikuwa wazi.

Wazi.

Dada hakupiga kelele. Alifanya anachokijua. Akachora msichana ameinama juu ya cherehani, akazungusha mabega na nywele mpaka vikawa waridi. Ukikaa mbali ni bustani ya waridi za zambarau. Na pindo la kitambaa, pande zote nne, akalichora mnyororo na kufuli, mnyororo na kufuli, umesukwa vizuri hata ukadhani ni shanga. Wenye ukumbi wa maonyesho walikuwa wameshakubali kukitundika. Wakubwa wangekuja kula vitafunio mbele ya hayo makufuli, na hilo ndilo alilolitaka.

Jambo moja tu halikunikalia vizuri. Wasichana walikuwa wengi, yeye akachora uso mmoja. "Wabadilishe kidogo," nilimwambia. Akajibu kwamba mkono wake haukubali uso mwingine.

Sasa unielewe tunavyochapa. Kitambaa tunakibandika kwa gundi juu ya meza ndefu. Tunaanza na pindo, hiyo ni sheria ya dada, ili kitambaa kijue mwisho wake. Halafu picha. Tunaweka fremu ya wavu yenye picha, tunavuta rangi juu yake kwa raba, tunanyanyua. Pale jirani huwezi kuweka fremu, rangi bado mbichi, utachafua kazi. Kwa hiyo tunaruka. Tunachapa moja, tunaruka moja, na zikishakauka ndipo tunarudi kujaza zile nafasi tulizoruka. Mchana ule tulikuwa tumefika katikati ya meza, halafu balbu ikaungua, dada akasema kichwa kinamuuma, akaenda kujilaza chumbani kwake nyuma ya karakana.

Basi nikafungua mlango na balbu yangu mkononi. Harufu ilinipokea. Nguo iliyosahauliwa chini ya pasi... hiyo hiyo. Nikaitazama pasi yetu kwenye rafu, waya umezungushwa, baridi.

Nikatazama mezani.

Kwa mwanga mdogo uliobaki dirishani niliona nafasi zote zimejazwa. Damu ikanichemka. Nikasema, dada huyu, amenifukuza mimi nikanunue balbu ili achape gizani peke yake, rangi haijakauka, kazi ya siku nzima kaiharibu. Nikapanda kwenye stuli nikinung'unika, nikaifunga balbu, nikashuka, nikawasha.

Hazikuwa picha zetu.

Rangi yetu ilikuwa zambarau. Hizi zilikuwa za kahawia, alama ya kuungua, mfano wa pasi iliyokawia. Na kila moja ilikuwa tofauti. Katika nafasi ya kwanza msichana amekaa kwenye cherehani kama wetu, ila kichwa kimeinuka. Katika inayofuata ameshika ukingo wa meza yake. Inayofuata, amesimama. Inayofuata, ametoka kwenye kiti, mguu mmoja mbele. Halafu basi, kwa sababu ndipo tulipoishia kuchapa.

Nikanyoosha kidole. Nguo ilikuwa kavu. Lakini ilikuwa na joto, lile la paji la mtoto mwenye homa.

"Usimguse."

Dada alikuwa mlangoni, amejifunga shuka, miguu haina kitu.

"Nani kachapa hizi?" nikamuuliza.

"Punguza sauti. Utamshtua."

Hakusema utaamsha majirani. Alisema utamshtua.

Akaja mpaka ubavuni kwangu. "Nilimwona juzi kwenye kipande cha majaribio," akanong'ona. "Nafasi moja tu. Kichwa kimeinuka. Nikasema ni macho yangu, kwa kulia. Leo tumechapa zaidi, naye kasogea zaidi. Unaelewa? Tukichapa, anapata pa kukanyaga."

"Anakwenda wapi?"

"Anakuja kwangu."

Watu wananiambia ningekuwa na akili ningezima taa, nikamburuta dada yangu nje. Wao hawakuuona uso wake. Tangu tuzike kile kidogo tulichopewa kuzika, sikuwahi kumwona dada na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa mgeni wake amefika mjini. Na mimi je, nani kakwambia sikumpenda yule mtoto? Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Nikashika upande wangu wa fremu.

Weka. Vuta. Nyanyua. Ruka.

Weka. Vuta. Nyanyua. Ruka.

Nyuma yetu, kwenye nafasi tuliyotoka kuiruka, kukatoka moshi mwembamba. Sauti ndogo... tsss... na alama ikaanza kujitokeza kutoka ndani ya nyuzi, polepole, jinsi doa la mafuta linavyojitokeza kwenye karatasi. Bega. Mkono. Mguu mwingine mbele.

"Njoo, mama," dada akawa anamwambia, ile sauti ya kumfundisha mtoto kutembea. "Taratibu. Njoo, mama. Niko hapa."

Weka. Vuta. Nyanyua. Ruka.

Sasa alikuwa anakua. Kila nafasi alikuja mkubwa kidogo, kwa sababu alikuwa anatukaribia. Magauni ya kazini yanafanana, lakini ule msuko wa nywele niliujua; niliusuka mimi mwenyewe. Halafu ukatokea uso.

"Anacheka," dada akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mikono haiachi raba. "Unaona mdomo? Chiriku wangu, hata huko haachi kuongea."

Nikainama nitazame vizuri. Mdomo ulikuwa wazi, kweli. Lakini mtu anayecheka hafumbi macho namna ile. Wala hainui mikono mbele ya uso.

"Dada..."

"Chapa."

"Dada, huyu hacheki."

"Chapa, nimekwambia."

Nikachapa. Mungu anajua, nilichapa. Tulifika mwisho wa meza, nafasi ya mwisho, na zaidi ya hapo palikuwa na pindo tu. Moshi ukatoka. Safari hii haukuja uso. Ilikuja mikono, viganja viwili, vidole vimetanuka, vimegandamizwa kwenye mnyororo tuliouchapa sisi.

Balbu mpya ikaanza kutetemeka.

Ngo.

Nilidhani ni mlangoni. Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Ngo... ngo... ngo.

Ilikuwa mezani, chini ya kitambaa. Mbao zilikuwa zinaruka chini ya mikono yangu. Halafu ikaanza upande mwingine, na mwingine, kandokando ya pindo lote, huku na huku, ngo ngo ngo ngo, mikono mingi, viganja, ngumi, kucha. Na harufu sasa haikuwa ya nguo peke yake.

Dada aliachia raba. Alilitazama pindo kuanzia kona hadi kona, na nikaona anavyoelewa. Sitaki kuona kitu kile tena kwenye uso wa mtu.

"Nimemfungia," akasema. "Mdogo wangu... nimemfungia mimi."

Fikiria hilo. Wale wa tume walisema uongo, kwamba mlango ulikuwa wazi, na kama dada angechora uongo wao mtoto angetoka zake. Yeye alichora kweli. Alichora kufuli pande zote nne, akahakikisha hakuna mwanya, kwa sababu pindo lenye mwanya ni kazi mbovu na dada yangu hajawahi kufanya kazi mbovu. Alifunga mlango ule kwa ustadi zaidi kuliko aliyeufunga mara ya kwanza.

Nikachukua mkasi kwenye ndoano, nikamtilia mkononi. "Kata."

Akaupeleka kwenye pindo, akasita. Kelele zile zote zinapiga, naye amesita. Akanitazama.

"Akitoka," akaniuliza, "atakuja kwangu?"

"Sasa aende kwa nani?" nikamjibu. Sikujua. Nilisema tu.

Akakata.

Mkasi ulipita katikati ya kufuli moja, katikati ya mnyororo, ukatokea ukingoni. Kitambaa kikafunguka pale, mwanya wa kupitisha mkono.

Kimya.

Kimya kile kilidumu mpaka nikasikia balbu inavyolia.

Halafu miguu.

Miguu mitupu, sakafuni, inakimbia. Sikuona mtu. Niliona makopo ya rangi yanagongwa yanayumba, stuli inaanguka, gazeti la balbu linaruka. Joto likanipiga usoni. Sauti za kuhema, za wasichana, karibu na sikio langu kabisa, zinapita, nyingine zinakuja, zinapita. Dada alikuwa amesimama kati ya meza na mlango, mikono yote miwili wazi, na mbio zile zikampita kulia na kushoto. Shuka lake lilipepea. Nilimwona anageuza uso huku na huku, anamtafuta wa kwake katikati ya vitu asivyoviona.

"Chiriku," akaita. "Chiriku, mama, niko hapa. Ni mimi."

Mlango ukajipigiza ukutani. Miguu ikaingia barabarani, ikapungua, ikapotea.

Hakusimama hata mmoja.

Nilipogeuka mezani nafasi zilikuwa nyeupe, safi, hakuna alama hata ya sindano. Na zile picha zetu za zambarau, tulizochapa kwa mikono yetu... cherehani zilikuwepo. Viti vilikuwepo. Wasichana hawakuwepo.

Dada alikaa chini, palepale alipokuwa amesimama. Nikakaa naye. Mimi ni mtu wa maneno, lakini siku ile niliyaokota moja moja.

"Ametoka, dada. Si ndilo tulilotaka?"

"Hakunipitia."

"Alikuwa anakimbia moto. Mtu anayekimbia moto haoni mtu."

"Hilo ndilo linaloniua," akasema. "Siku zote hizi nilikuwa najiambia, angalau amepumzika. Kumbe alikuwa bado anakimbia."

Msiba ulipotufika mimi sikulia. Nilikuwa nafokea watu wa viti na watu wa maji, nilikuwa na kazi. Jioni ile nililia, tena kwa sauti, nimeegemea mguu wa meza, na dada ndiye aliyekuwa ananipapasa mgongo.

Wenye ukumbi walikuja kukichukua kitambaa. Nilitaka kukichoma, nikaona aibu kulitamka neno hilo mbele ya dada. Wakakitundika. Akaja bwana mmoja wa miwani akaeleza nusu saa kwamba viti vitupu ni ubunifu mkubwa, kwamba msanii amekataa kutupa sura tuliyoizoea. Wakubwa wakatikisa vichwa, wakala vitafunio vyao. Mwingine akauona mkato kwenye pindo, akasema kwa upole kwamba panaweza kushonwa. Dada akamwambia, "Atakayetia sindano hapo, namkata mkono." Akadhani ni utani. Mimi nilisogea nikasimama kati yao. Wanasema mpaka leo ukikaribia pale palipokatwa unahisi joto, na mlinzi wa ukumbi kahamishia kiti chake upande wa pili.

Hayo ya ukumbini niliyaweza. Ya hapa nyumbani ndiyo yaliyonishinda.

Kila jua likizama, wanapita. Wanatokea upande ule ule, kwa mbio zile zile, kuhema kule kule, wanapita mbele ya mlango wetu na kupotea upande ule ule. Hata siku moja hakiongezeki kitu wala hakipungui. Majirani wanasema ni upepo, na wote siku hizi wanafunga milango mapema, kwa upepo huo huo. Tulimleta mtu wa kusoma dua. Alisoma vizuri sana. Miguu ilipopita aliondoka, na kofia yake hajaijia. Sijui ni wale wasichana wote, au ni yule mmoja aliyerudiwa mara nyingi, maana uso uliochorwa ulikuwa mmoja. Sijui wanakimbilia wapi. Sijui wanarudije kule wanakotokea ili waanze tena.

Mwanzoni dada alikuwa anaita kwa sauti. Baadaye akaacha kuita, akawa anasikiliza. Kazi ameacha, rangi zimekauka kwenye makopo. Anakaa kizingitini kuanzia alasiri. Ananiambia amezitambua hatua za mwanawe, anaburuta kidogo kisigino cha kushoto, ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, na ni kweli. Juzi akaja na jingine. Akasema labda mtoto hawezi kusimama, si kwamba hataki. Labda mtu akikimbia naye, ubavu kwa ubavu, atamsikia.

Nikamwambia, dada, usiniletee mambo hayo. Hakubisha. Angebisha, ningepata usingizi.

Leo nimekaa naye. Nimeushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, nampigia hadithi za watu wa mtaani, nani kamkosea nani, nani kanunua kochi lisilopita mlangoni, upuuzi wowote unaonijia mdomoni ili asisikilize. Amecheka mara moja, kwa adabu. Sasa hanisikii tena. Harufu imeshaanza kuja, na dada amevua viatu.

"Niachie kidogo tu, mdogo wangu," ananiambia. "Nikimpata nitarudi naye."

Sijamwachia. Lakini ana mikono ya mtu aliyevuta rangi maisha yake yote, na anaanza kuuvuta wake.